Mama Nyaya na Shemeji wa Ngazini

Asubuhi, kabla birika la chai halijachemka, Mama Nyaya anapiga magoti pale ngazi inapokata kona, katikati ya ghorofa ya chini na ya juu. Anafungua mlango wa kabati dogo la mbao na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji, umeamkaje?" anauliza.

Kabati halijibu. Ndani yake kuna kompyuta kuukuu isiyo na skrini wala kibodi, ubavu wake mmoja hauna kifuniko, na mgongoni imechomekwa nyaya mbili. Wa bluu unapanda juu, wa njano unashuka chini. Mama Nyaya anaiwekea kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Ina joto, na feni inaguna. Anafunga kabati, anajipangusa vumbi magotini.

"Mzima wa afya!" anatangaza kwa sauti.

"Basi leo tutakula!" mtu anamjibu kutoka juu, na vicheko vinasikika vyumba vyote viwili.

Hiki ni kiwanda kidogo cha vitabu vya wasioona. Ghorofa ya juu wanakaa wahariri, ambao huvigeuza vitabu vya kawaida kuwa maandishi ya nukta nundu, yale ya vijinundu vinavyosomwa kwa vidole. Chini imekaa mitambo inayogonga vijinundu hivyo kwenye karatasi nene, kwa kelele ambayo mgeni akiisikia mara ya kwanza hudhani paa linaezuliwa. Kompyuta ya kabatini ndiyo inayopitisha kurasa kutoka juu kwenda chini. Ikinyamaza hiyo, kiwanda kizima kinanyamaza.

Mama Nyaya ndiye fundi wa kompyuta hapa. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na koleo haimtoki mfukoni, kama watu wengine wanavyobeba leso. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe, ambaye ni seremala, siku hizi akimpigia simu huanza na "Mama Nyaya, unarudi saa ngapi?"

Hakuja hapa akiwa fundi. Aliajiriwa kujalidi vitabu, na mwanzo wake haukuwa wa kujisifia. Kwake karatasi nyeupe ilikuwa karatasi nyeupe tu, iwe na nukta isiwe na nukta. Wiki yake ya kwanza alijalidi shehena nzima ya vitabu vya hesabu kichwa chini, miguu juu. Akavipanga vizuri mezani, akajipongeza moyoni.

Aliyegundua alikuwa Mwalimu. Huyu ni mhariri mkuu wa kiwanda, mzee asiyeona tangu utotoni, aliyefundisha shule kwa miaka mingi kabla ya kuja hapa, na jina la kazi ile likamganda. Alichukua kitabu cha juu kabisa, akapapasa ukurasa wa kwanza, akakigeuza juu chini.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "hivi hawa wanafunzi watasoma wakiwa wamening'inia kama popo?"

Mama Nyaya anaisimulia hadithi hii akiwa amejishika mbavu. Siku ile, anasema, hakucheka hata kidogo. Alijua ameshafukuzwa. "Nilianza kutafuta mkoba wangu. Mwalimu akaniambia, kaa chini. Akanishika kidole hiki hapa, akakiweka juu ya ukurasa, akasema, hii ni a. Tangu siku hiyo kila mchana, wenzangu wakienda kula, mimi nakula huku nasoma."

Mpaka leo anasoma polepole, tena anakiri kwamba wakati mwingine huchungulia kwa jicho. Mwalimu humsikia. Husema anajua kutokana na kasi, kwa sababu vidole vya Mama Nyaya havijawahi kuwa na haraka hivyo.

Ufundi ulimwingia kwa njia hiyohiyo ya kung'ang'ania. Mitambo ilipoharibika aliitwa fundi kutoka nje, na Mama Nyaya alijitolea kumshikia tochi. Alimshikia tochi na maswali juu yake, mpaka yule fundi akamwambia meneja, "Bosi, huyu mama mpeleke chuo, la sivyo mimi sirudi." Meneja akampeleka. Alirudi na cheti mkononi na mzingo wa nyaya begani, na jina likapatikana palepale getini.

Tatizo lililomletea Shemeji lilikuwepo tangu kiwanda kianze, na watu walishalizoea. Kompyuta za juu na mitambo ya chini zilikuwa kwenye mitandao miwili tofauti. Kila kifaa kina namba yake, Mama Nyaya anaeleza, kama nyumba ilivyo na namba mtaani.

"Namba za juu zinatoka ofisi kuu, haziguswi. Namba za chini ziliwekwa na waliotengeneza mitambo, na programu ya kuzibadilisha ilishapotea. Kwa hiyo una mitaa miwili, mmoja juu ya kichwa cha mwingine, na hakuna barabara. Kompyuta ya Mwalimu ikiita mtambo, ni kama mtu anayeita dirishani wakati jirani yuko nyuma ya ukuta."

Njia pekee ilikuwa miguu. Mhariri akimaliza sura alihamishia kazi yake kwenye flashi, akaivaa shingoni kwa kamba, akashuka nayo. Wasioona wengine waliwatuma wenzao wanaoona. Mwalimu hakumtuma mtu. Alitaka kusimama mwenyewe kando ya mtambo na kupapasa karatasi ya kwanza ikiwa bado ina joto, na akikuta kosa alipanda kulisahihisha, akashuka tena.

Kisha siku moja alikosea ngazi. Hakuvunjika, ila kifundo cha mguu kilivimba kama boga, akakaa nyumbani siku kadhaa. Meneja, ambaye ndiye aliyemwinua pale chini, aliingiwa na hofu ya kweli. Alirudi ofisini na uamuzi: mwisho wa mwezi wahariri wote wahamie ghorofa ya chini, wakae chumba kimoja na mitambo. Ngazi zisitumike tena.

"Bosi hakuwa na nia mbaya," Mama Nyaya anasema. "Alikuwa anamlinda. Lakini hakujua anamwua."

Wahariri wasioona hufanya kazi kwa masikio na vidole. Kompyuta zao huwasomea maneno kwa sauti, kisha wao huhakiki kwa kupapasa. Pale chini, hata ukijiziba masikio, kelele ya mtambo inapenya. Na si kelele peke yake. Mtambo ukigonga, sakafu inatetemeka, meza inatetemeka, na karatasi iliyo juu ya meza inatetemeka nayo. Kidole hakijui tena kipi ni nukta na kipi ni mtikisiko.

Mwalimu alirudi akichechemea, akaambiwa habari. Hakubisha. Alikaa mezani kwake na kuanza kutoa vitu kwenye droo kimoja kimoja. Kalamu yake ya kugongea nukta. Redio ndogo. Kikombe. Mama Nyaya aliyekuwa chini ya meza ya jirani akirekebisha waya alimsikia, akatoka akiwa na utando wa buibui kichwani.

"Mwalimu, si mwisho wa mwezi bado?"

"Bado, mwanangu."

"Mbona unafungasha kabisa? Vitu vya kwenda chini tutakubebea."

"Hivi si vya kwenda chini," Mwalimu alisema. "Hivi ni vya kwenda nyumbani. Nikishuka kule mimi si mhariri tena, ni mzee amewekwa kwenye kiti. Bora nikakae kwangu, huko angalau kuku hawatikisi meza."

Mama Nyaya anasema aliuacha ule waya ukining'inia. Mtu aliyemshika kidole na kumwambia hii ni a, alikuwa anaondoka kwa sababu ya nyaya. Na nyaya ndiyo kazi yake yeye. Aliingia kwa meneja bila kupiga hodi.

"Bosi, nipe mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna atakayeshuka ngazi. Kurasa zitashuka zenyewe."

"Zitashuka na nini?"

"Na waya."

"Pesa sina."

"Sikuomba pesa. Nimeomba ile kompyuta ya stoo iliyowekewa ndoo ya rangi juu."

Meneja alimtazama, akatazama ndoo ya rangi akilini mwake, akasema, "Ichukue. Ila ndoo irudi."

Kilichofuata anakieleza kwa mikono yote miwili. Aliisafisha ile kompyuta, akaipachika kadi mbili za mtandao, moja ikapewa namba ya mtaa wa juu na nyingine namba ya mtaa wa chini. Akaiwekea mfumo wa bure usiohitaji leseni. Mumewe alipima kona ya ngazi, akachonga kabati, akalitoboa matundu ya kupitisha hewa kila upande.

"Nilimuuliza, mume wangu, nimekuagiza kabati au banda la kuku? Akaniambia, tulia, hata kuku wako atapumua."

Jina lilitolewa na opareta wa mitambo, mwanamke ambaye wote humwita Redio kwa sababu sauti yake huushinda mtambo. Alisimama akitazama nyaya mbili zikiingia kabatini, akauliza, "Kwa hiyo huyu ana ndugu juu, ana ndugu chini, na wenyewe hawasemezani mpaka apite yeye?"

"Ndiyo hivyo."

"Huyo ni shemeji!"

Shemeji lakini hakuanza kazi kwa wepesi. Kwanza aligoma kupitisha chochote. Kompyuta ya kawaida ina adabu yake, ikipokea ujumbe usio wake huutupa. Ilibidi ipewe ruhusa, iambiwe kwamba kuanzia leo ya wenzako ni yako, pitisha. Kisha kompyuta za juu zikaelekezwa kwamba ukitaka kwenda mtaa wa chini, pitia kwa Shemeji. Mama Nyaya akajaribu kutuma ukurasa. Kimya.

Alihangaika na kimya hicho mpaka akawa anaongea peke yake jikoni, na binti yake akaanza kumwonea huruma. Ujumbe ulikuwa unafika kwenye mtambo, aliweza kuuona ukifika. Jibu ndilo halikurudi.

"Mtambo wetu ni wa zamani, haujui kama duniani kuna mtaa mwingine. Ukipata barua kutoka mbali, haujui ijibiwe kwa njia gani, basi unakaa kimya. Unamjibu jirani yake tu. Nikasema, sawa. Shemeji ni jirani yake. Basi Shemeji asiseme nimetumwa na Mwalimu. Abishe hodi kwa jina lake mwenyewe, apokee jibu, halafu ndiyo alipeleke juu kwa mwenyewe."

Alipoweka hivyo, mtambo uligonga. Ilikuwa alasiri, siku moja kabla ya siku aliyopewa na meneja. Mama Nyaya alituma mstari mmoja wa herufi a tupu, na aliposikia ta-ta-ta-ta kutoka chini alikimbia kushuka huku akipiga kelele, akakutana na Redio akipanda huku naye akipiga kelele, wakagongana kwenye kona ya ngazi. Mama Nyaya aliwakusanya wahariri wote, akasimama mlangoni, akawaambia kwa fahari, "Shemeji ni yule pale! Asiguswe!"

Akanyoosha kidole.

Asubuhi iliyofuata meneja alipanda juu na saa yake. Wabebaji wa meza walishaitwa waje mchana, jaribio likishindikana wahamishe. Mwalimu alikuwa amekaa, droo tupu, mfuko wake miguuni. Mama Nyaya akabonyeza kutuma.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Alishuka mbio mpaka kwenye kabati, akaingiza kiganja. Shemeji alikuwa baridi kama jiwe.

"Nani kamzima Shemeji?" sauti yake ilipanda mpaka darini. "Jamani, nani kamzima?"

Kisha Mwalimu akakohoa kule juu.

"Hilo kabati la ngazini," akasema taratibu, "lile linaloguna, ndilo?"

Watu wote walijua tabia ya Mwalimu ya jioni. Kabla ya kuondoka hupita chumba hadi chumba akisikiliza, na feni yoyote aliyoisikia inazunguka bila mtu huizima, kwa sababu anachukia umeme kupotea bure. Jana yake alishuka ngazi polepole, akasikia kitu kinaguna ndani ya kabati, akafungua, akapapasa, akakuta hakuna skrini, hakuna kibodi, hakuna mtu. Akazima kwa nia njema, akaenda zake nyumbani.

"Si niliwaambia ni yule pale?" Mama Nyaya alilalamika, machozi yanamlengalenga.

"Uliniambia 'yule pale'," Mwalimu alijibu. "Pale ni wapi, mwanangu?"

Halafu Redio, aliyekuwa mlangoni mwa chumba cha mitambo, akaangua kicheko, na Mama Nyaya akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Nilimwonyesha kwa kidole!" anasimulia sasa, na bado haamini. "Miaka yote ninayokaa na wasioona, mimi nimewasimamisha na kuwaonyesha kwa kidole!"

Alimwasha Shemeji. Feni ikaguna, taa zikawaka, akatuma. Kimya tena. Meneja alitazama saa. Mama Nyaya alikagua waya wa bluu, akakagua wa njano. Aliita kutoka juu, Shemeji akaitika. Aliita mtambo, mtambo haukuitika. Akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

Na pale alipokaa ndipo jibu lilipomjia. Ile ruhusa. Mengine yote alikuwa ameyahifadhi, lakini ruhusa ya kupitisha ujumbe alikuwa ameitoa kwa mdomo tu, hakuiandika mahali ambapo Shemeji husoma anapoamka. Alipozimwa aliisahau, akaamka na adabu yake ya zamani, akarudia kutupa vya wenzake. Mama Nyaya aliandika mstari mmoja, safari hii mahali pa kudumu. Akamzima kusudi. Akamwasha. Akapanda juu.

"Mwalimu," akasema, "tuma wewe."

Mwalimu alivuta kibodi. Aliandika kidogo, akakaa, akaongeza kidogo. Kisha akabonyeza.

Halafu chini ya miguu yao mtambo ukaanza. Ta-ta-ta-ta. Ta-ta. Mwalimu aliinua uso, mikono ikiwa hewani juu ya kibodi, akasikiliza kazi yake ikifika bila yeye. Redio alipanda na karatasi ameishika kwa ncha mbili, akampa Mama Nyaya. Meneja alichungulia akaona karatasi nyeupe tu.

"Imeandikwa nini?"

Mama Nyaya alifumba macho, akasoma kwa kidole, polepole kama kawaida yake. "Mama Nyaya," alisoma, "mimi sishuki."

Meneja alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Basi usishuke, Mwalimu," alisema. "Nani kakwambia ushuke?" Wabebaji walipokuja mchana walipewa chai na kurudishwa.

Karatasi ile imebandikwa ukutani juu ya kabati, bila kioo, ili anayepita aiguse. Mlangoni mwa kabati kuna maandishi mawili, ya wino na ya nukta nundu. Yote yanasema, "Usizime. Huyu ni Shemeji." Ya nukta aliyagonga Mwalimu mwenyewe. Bado kila jioni anapita akisikiliza feni zilizosahaulika, na mzunguko wake huishia hapa kabatini. Anapapasa maandishi, anamgongagonga Shemeji kichwani mara mbili, anaenda zake.

Karatasi ya kwanza anaitaka bado ikiwa na joto, kwa hiyo Redio ameshika kazi ya kumpandishia. Kosa likionekana, linasahihishwa hapohapo kitini na karatasi nyingine inagongwa. Mama Nyaya anasema vitabu sasa vinatoka upesi, ila hilo si jambo linalomfurahisha zaidi. Linalomfurahisha ni kwamba droo ya Mwalimu imejaa tena, na ndani kuna vitu visivyo na maana yoyote, kama ganda la konokono na funguo za nyumba aliyohama zamani.

Sasa ana mpango mwingine. Upande wa pili wa ua kuna darasa la watoto wasioona, na darasa lina kompyuta zake, na mtandao wake, mtaa wa tatu. Watoto huandika insha zao kwenye kompyuta, zikisubiri mtu mzima azibebe. Mama Nyaya ameshapata kadi ya tatu ya kumwekea Shemeji, na mumewe ameanza kutoboa matundu mengine. Waya umeshavuka ua ndani ya bomba.

"Nataka mtoto aandike ujinga wake wowote anaotaka," anasema, "kwamba paka wetu ni mvivu, kwamba mwalimu wetu anakoroma. Abonyeze. Halafu asikie kutoka huku mtambo mzima unagonga maneno yake. Nataka nimwone uso siku hiyo. Na ruhusa nimeshaiandika pa kudumu, usinicheke."

Anataka kuongeza jambo, lakini chini mtambo unaanza kugonga na ngazi inatetemeka kidogo. Mama Nyaya anainua mkono, kichwa amekiinamisha upande. Kila mhariri, anasema, ana mdundo wake. Mmoja anatuma vipande vipande, mwingine anatuma na kufuta na kutuma tena. Kazi hii inayogongwa sasa inakwenda moja kwa moja, mstari baada ya mstari, haipumziki.

"Huyo ni Mwalimu," anasema. Anasikiliza tena mpaka ahakikishe, uso wote ukiwa tabasamu. "Yuko juu. Ameketi."